Mchumi Anapoacha Kitu Nje, Je, Amesema Uongo?



Ndugu msomaji, katika masomo ya falsafa ya sayansi tunasoma sana habari za fizikia. Tunamsoma Galileo, tunamsoma Newton, tunafika hadi kwa Einstein. Uchumi hutajwa kwa nadra, na jambo hili linanishangaza. Muumini wa kawaida hakutani na Einstein kwenye mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, lakini uchumi anakutana nao kila siku: bei ya mbolea, riba ya mkopo wa VICOBA, mshahara wa mlinzi wa parokia. Na karibu kila kikao kina mtu wa kusimama na kusema, "Kiuchumi hilo haliwezekani." Akishasema hivyo, wengine hunyamaza kama vile daktari ametoa majibu ya vipimo.

Makala haya yanauliza neno hilo "kiuchumi" lina uzito gani. Ni maarifa ya namna gani, yanapatikanaje, na mtu asiyesomea uchumi ana haki gani ya kuyahoji?

Tuanze na lawama iliyo maarufu kuliko zote. Watu husema wachumi wamembuni binadamu asiyekuwepo duniani. Binadamu huyo anatafuta faida yake tu, hana mama, hana deni la shukrani, haendi msibani, wala hachangii harusi ya mtoto wa jirani. Katika vitabu huitwa mtu wa kiuchumi. Sisi tuliozoea kusoma juu ya hadhi ya binadamu tunamcheka kwa urahisi, na wengine hudhani kwa kicheko hicho wameshaubomoa uchumi wote.

Haubomoki kirahisi hivyo. Mwaka 1836 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika insha juu ya maana na njia ya elimu ya uchumi, na humo alikiri wazi kwamba hakuna mchumi aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi cha kuamini kuwa wanadamu wako hivyo kweli. Kwa maelezo ya Mill, mchumi huchukua msukumo mmoja ulio ndani ya binadamu, yaani hamu ya kupata mali, kisha huuliza: kama msukumo huu ungefanya kazi peke yake, ungetufikisha wapi? Akishapata jibu, anapaswa kurudi na kuongeza misukumo mingine aliyoiweka kando. Ndiyo maana kauli za wachumi zina mkia, hata pale mkia huo usipotamkwa: "iwapo mambo mengine yote yatabaki vilevile." Nyanya zikipanda bei, watu watanunua nyanya chache, iwapo mambo mengine yote yatabaki vilevile. Ikiwa wiki hiyo kuna sherehe ya ubarikio wa Padre kijijini, nyanya zitanunuliwa tu, na sheria ya mchumi haijavunjika.

Kwa hiyo anayemwambia mchumi, "Lakini binadamu hayuko hivyo," hajamwambia jambo jipya. Mchumi analijua.

Hapa mafrateri wenzangu wa falsafa watakumbuka somo jingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 85, kifungu cha kwanza, anajibu pingamizi kwamba akili inayokifikiria kitu kwa kukitenga na vingine inakosea, kwa kuwa katika uhalisia vitu hivyo havikutengana. Anatoa mfano wa tofaa na rangi yake. Ukiifikiria rangi ya tofaa bila kulifikiria tofaa lenyewe, hujakosea, kwa sababu rangi inaweza kueleweka bila tunda. Lakini ukisema kwamba rangi hiyo haimo ndani ya tofaa, au kwamba ipo peke yake bila tofaa, hapo umesema uongo. Wazo hili Tomaso alilirithi kwa Aristotle, ambaye katika kitabu cha pili cha Fizikia alieleza kuwa mtaalamu wa hisabati huyatenga maumbo na mwendo wa vitu bila kusema uongo wowote.

Kwa maoni yangu, hakuna chombo bora zaidi ya hiki cha kumpimia mchumi. Kuacha kitu nje ya hesabu ni kazi halali ya akili. Bila hivyo hatungejua lolote, kwa maana dunia ni pana na akili yetu ni finyu. Kosa linaanza pale kilichoachwa nje kinapotangazwa kuwa hakipo. Mchumi anayesema, "Katika hesabu hii sikuweka undugu," amesema kweli. Mchumi anayesema, "Undugu hauna nafasi katika soko," ametoka kwenye kutenga na ameingia kwenye kukanusha, na kwa kukanusha huko anadaiwa ushahidi.

Kuna jambo la pili ambalo mfano wa tofaa haulitoshelezi. Wachumi waliokuja baada ya Mill hawakuishia kuacha vitu nje, bali walianza pia kuongeza vitu ambavyo havimo. Mtu wa kiuchumi wa karne ya 20 anajua bei zote, anapiga hesabu zote papo hapo, na hakosei. Hapo hatutengi tena rangi na tunda, tunalipaka tunda rangi isiyo yake.

Aliyejitokeza kulitetea jambo hilo ni Milton Friedman wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika insha yake ya mwaka 1953, ambayo hadi leo ndiyo inayojadiliwa zaidi katika falsafa ya uchumi. Hoja yake ni kwamba nadharia isipimwe kwa ukweli wa dhana zake za kuanzia, bali kwa usahihi wa utabiri wake. Anamtaja mchezaji hodari wa biliadi, mchezo ule wa kugonga mipira kwa fimbo juu ya meza. Mchezaji huyo hajui fomula za pembe na mwendo, lakini ukitaka kutabiri mpira utakwenda wapi, utapata jibu zuri ukidhani kana kwamba anazijua. Vivyo hivyo mfanyabiashara hapigi hesabu za chuo kikuu, lakini anatenda kana kwamba anapiga, kwa kuwa asiyefanya hivyo atafilisika na kutoka sokoni.

Hoja hii ina nguvu, na sioni sababu ya kuidharau. Lakini wahenga wetu walishaijibu nusu yake: likiwika, lisiwike, kutakucha. Mtu anayeamini kwamba jogoo ndiye anayeleta asubuhi atatabiri mapambazuko kwa usahihi mkubwa mwaka mzima. Kwa kipimo cha utabiri, nadharia yake haina dosari. Shida inakuja siku jogoo anapochinjwa kwa ajili ya mgeni. Ni siku hiyo tu, hali inapobadilika, ndipo tunapogundua kwamba utabiri wake mzuri haukushikilia sababu yenyewe. Na kazi ya sera, iwe ya serikali au ya kamati ya fedha ya parokia, ni kubadili hali. Kwa hiyo anayetaka kubadili jambo hawezi kutosheka na "kana kwamba". Anahitaji kujua kinacholeta asubuhi.

Basi tunajuaje kilichoachwa nje? Kwa kwenda kuangalia, na hilo wachumi wenyewe wamelifanya kwa bidii kubwa katika miaka 30 iliyopita. Baadhi ya kazi hiyo imefanyika hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 2001 kundi la watafiti likiongozwa na mwanaanthropolojia Joseph Henrich lilitoa matokeo ya michezo ya fedha iliyochezwa katika jamii ndogo 15 za mabara mbalimbali. Miongoni mwao walikuwamo Wahadzabe wa Tanzania na Waorma wa Kenya, wafugaji wa Tana River. Mchezo mmoja ulikuwa hivi: watu wawili wasiojuana majina wanapewa kiasi cha fedha. Wa kwanza anapendekeza mgawanyo. Wa pili akikubali, wanagawana. Akikataa, wote wawili wanatoka mikono mitupu. Mtu wa kiuchumi angempa mwenzake kiasi kidogo kabisa, na mwenzake angekipokea, kwani kidogo ni bora kuliko kukosa. Watafiti hawakuikuta hata jamii moja iliyotenda hivyo kikamilifu. Na tofauti kati ya jamii na jamii zilikuwa kubwa. Kuna jamii zilizotoa hata zaidi ya nusu, na kuna zilizotoa kidogo. Wahadzabe walikuwa upande wa kutoa kidogo, na mara nyingi mapendekezo hayo madogo yalikataliwa. Kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba Waafrika ni wakarimu na wengine ni wabinafsi. Matokeo hayasemi hivyo.

Lililonivutia zaidi ni Waorma. Walipochezeshwa mchezo mwingine, ule wa kila mmoja kuchangia kwa siri katika chungu cha pamoja ambacho baadaye kinaongezwa na kugawanywa sawa kwa wote, wao wenyewe waliutambua mara moja na kuupa jina: mchezo wa harambee. Mtafiti alileta mchezo uliobuniwa vyuoni, usio na jina la kijiji wala kabila, lakini wachezaji waliingia nao katika maisha yao halisi ya kuchangia shule na ujenzi. Maana yake ni kwamba kile ambacho mtafiti alikiacha nje, wachezaji walikirudisha ndani bila kuombwa.

Mfano wa pili ni wa shule, nao ningependa tukae nao kidogo.

Katikati ya miaka ya 1990, katika wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, shirika moja lisilo la kiserikali lilitaka kusaidia shule za msingi. Vitabu vya kiada vilikuwa vichache mno. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waliufuatilia mradi huo kwa njia inayofanana na ile ya kujaribia dawa. Katika shule 100, shule 25 zilichaguliwa pasipo upendeleo zipewe vitabu kwanza, na nyingine zikasubiri. Baadaye matokeo ya mitihani yalilinganishwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtafiti halazimiki kujua kila kitu alichokiacha nje. Umaskini wa wazazi, uhodari wa mwalimu, umbali wa kisima, vyote hivyo havimo katika hesabu yake, lakini kwa kuwa shule zilichaguliwa bila mpangilio maalumu, vinategemewa kuwa vimegawanyika karibu sawa pande zote mbili. Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kuiendeleza njia hii katika masuala ya umaskini.

Matokeo yalikuwaje? Kwa wastani, vitabu havikuinua alama za wanafunzi. Fikiria mtu akiishia hapo. Angesimama kwenye kikao na kusema, "Utafiti umeonesha kwamba vitabu havisaidii, kiuchumi ni kupoteza fedha," na angekuwa na takwimu mkononi. Lakini watafiti hawakuishia kwenye wastani. Walipowatazama wanafunzi kulingana na uwezo wao wa awali, waliona kuwa wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walinufaika na vitabu. Wengine hawakunufaika. Maelezo waliyoyatoa yanaeleweka na kila mmoja wetu aliyesoma shule za huku: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa maeneo hayo Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alipewa kitabu asichoweza kukisoma.

Wastani haukusema uongo. Ulimwacha nje mtoto mmoja mmoja, pamoja na lugha yake, na kuacha huko ni halali. Uongo ungetokea kama mtu angeuchukua wastani huo na kuutafsiri kuwa ni sifa ya vitabu, ilhali ulikuwa ni sifa ya vitabu hivi, kwa lugha hii, kwa watoto hawa. Ndivyo wanavyoonya mwanafalsafa Nancy Cartwright na mchumi Angus Deaton: jaribio zuri linathibitisha kwamba jambo lilifanya kazi pale lilipofanyiwa, lakini peke yake halituambii kwa nini, wala kama litafanya kazi hapa. Ili kuvuka kutoka pale kuja hapa unahitaji maarifa mengine, na mengi ya maarifa hayo anayo mwalimu wa darasa la tatu kuliko profesa. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la haki ya asiyesomea uchumi. Hana haki ya kukataa hesabu kwa sababu haimpendezi. Ana haki, tena ana wajibu, wa kusema ni nini kimeachwa nje anachokijua yeye.

Mfano wa tatu unatupeleka Marekani, kisha utaturudisha parokiani. Kwa miaka mingi wachumi wengi walifundisha kwamba ukipandisha kima cha chini cha mshahara, ajira zitapungua. Hoja inaeleweka: kitu kikipanda bei kinanunuliwa kidogo, na kazi ya mtu nayo ina bei. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05, wakati jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. Katika matokeo yao ya mwaka 1994 hawakuona dalili kwamba ajira zilipungua New Jersey. Wachumi wengine, David Neumark na William Wascher, walitumia takwimu za malipo na kupinga, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Sitaamua ugomvi huo hapa. Linalotuhusu ni maelezo ambayo wachumi waliyarudia baada ya hapo: inawezekana ile hesabu ya zamani ilikuwa imeacha nje nguvu ya mwajiri. Mahali penye waajiri wachache, au mmoja tu, mshahara haupangwi kwa ushindani. Mwajiri anaweza kulipa chini ya thamani ya kazi kwa kuwa mfanyakazi hana pengine pa kwenda. Hapo mshahara ukipanda kwa kiasi, si lazima kazi ipotee.

Sasa tumsikilize Papa Leo XIII. Katika Waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891 alifundisha kwamba makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, na kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, amelazimishwa. Kwa kawaida sehemu hii tunaisoma kama fundisho la maadili tu. Mimi naona humo pia maelezo ya hali halisi. Leo XIII anataja kitu kilichopo sokoni ambacho hesabu ya siku zake haikukiweka ndani, nacho ni ukosefu wa pa kwenda. Wachumi walikuja kukipa nafasi katika hesabu zao kwa njia yao wenyewe.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na mgawanyo unaopendwa na wengi, kwamba mchumi aseme yaliyopo na Kanisa liseme yanayopaswa kuwa, kila mmoja kwenye chumba chake. Mwingereza Lionel Robbins aliujengea mgawanyo huo ukuta mnene katika kitabu chake cha mwaka 1932, akisema uchumi ni elimu ya uhusiano kati ya malengo na njia zilizo chache, na kwamba juu ya malengo yenyewe uchumi hauna upande. Mwaka mmoja kabla yake, katika Quadragesimo Anno, Papa Pius XI alikuwa ameshaandika kwa uangalifu zaidi: uchumi na maadili kila kimoja kina kanuni zake katika eneo lake, lakini ni kosa kusema vimetengana kiasi kwamba kimoja hakitegemei kingine kwa lolote. Kanuni zake mchumi anazo, na sisi tusijifanye kumfundisha kukokotoa riba. Lakini uamuzi wa nini kiachwe nje hufanywa kabla hesabu haijaanza, na anayeufanya ni binadamu mwenye macho yanayoona baadhi ya watu na kuwapita wengine.

Turudi kwa mlinzi wa parokia. Nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tunaosoma seminari, Mungu akipenda, tutakuwa waajiri: wa mlinzi, wa mpishi, wa mwalimu wa chekechea. Siku moja katika kikao cha bajeti mjumbe wa kamati ya fedha atasema, "Padre, huo ndio mshahara wa soko." Kabla ya kuandika, inafaa kuuliza soko hilo ni lipi. Katika kijiji chetu ni nani mwingine anayeajiri mlinzi kwa mshahara wa mwezi? Kama jibu ni misheni peke yake, basi hakuna bei ya soko pale. Kuna bei ya misheni. Mlinzi akiondoka leo anakwenda wapi? Analinda usiku mzima, asubuhi shamba lake linalimwa na nani, na kazi ya mke wake imeandikwa kwenye daftari lipi?

Maswali hayo yakishajibiwa, mjumbe wa kamati bado ana kazi ya kufanya, tena si ndogo. Sadaka ya Jumapili ina kiasi chake. Akimwongezea mlinzi, itabidi aoneshe zitatoka wapi, kwa sababu mpishi naye ana watoto, paa la kigango linavuja, na katekista anatembea kilomita nyingi kwa miguu akisubiri baiskeli iliyoahidiwa mwaka jana.